Kurekodi Nyuso za Majengo ya Mji Mkongwe kwa Picha: Muda na Gharama za Kila Njia

Sehemu kubwa ya gharama ya kurekodi uso wa jengo kwa picha huja baada ya kamera kurudishwa mkobani. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kupiga picha za nyumba moja ya ghorofa mbili ni kazi ya saa chache, na kuzichakata ni kazi ambayo kompyuta huachiwa usiku kucha. Kuchora kila dirisha, kila nguzo ya roshani na kila ufa kutoka kwenye picha hizo humchukua mchoraji mzoefu siku kadhaa. Anayelinganisha njia kwa bei ya kamera au kwa kasi ya upigaji picha huwa amepima kipande kidogo cha hesabu, na kile kikubwa amekiacha nje.

Fotogrametria ni ufundi wa kupata vipimo vya kitu kutokana na picha zake. Mwaka 1858 Albrecht Meydenbauer, msanifu majengo wa Prussia, alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar alipokaribia kuanguka kutoka juu, akawaza kwamba picha ingeweza kupima mahali ambapo mtu anahatarisha maisha yake. Mwaka 1885 ilifunguliwa Berlin taasisi aliyoiongoza, nayo ikakusanya maelfu ya picha za vioo za majengo ya kale. Nyingi hazikuchorwa wakati ule. Ziliwekwa pamoja na vipimo vyake ili zichorwe zitakapohitajika, na baada ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilihitajika kweli. Mpango huo wa kupima leo na kuchora baadaye ndio unaoufaa zaidi Mji Mkongwe, na hesabu zinazofuata zinaonyesha kwa nini.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985, na mpango wa hifadhi uliotayarishwa kwa ushirikiano na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni katika miaka ya 1990 ulikagua majengo yapatayo 1,700. Ukuta wa kawaida hapa ni wa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, na sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kila masika. Chokaa ikibanduka na paa likivuja, ukuta huvimba, hupasuka, na mwisho huanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wa saa wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki dunia. Uso ulioporomoka haupigwi picha tena, na ndiyo maana suala la muda hapa lina uzito kuliko katika miji ambayo kuta zake zinaweza kusubiri.

Skeli inapanga bei

Kabla ya kuchagua njia huulizwa mchoro utatumiwa na nani, na kwa skeli gani. Kwa michoro ya jumla ya ukarabati, skeli ya 1:50 inatosha, na pikseli moja ya picha ya mwisho inaweza kufunika milimita 5 za ukuta. Kwa roshani, madirisha na mapambo ya chokaa, skeli ya 1:20 hutaka pikseli ya milimita 2. Mlango wa nakshi hustahili 1:10 au kubwa zaidi, na pikseli yake iwe milimita 1 au chini ya hapo. Ukubwa wa pikseli ukipunguzwa kwa nusu, idadi ya pikseli huongezeka mara nne, na muda wa kompyuta na nafasi ya kuhifadhi hupanda vilevile. Pesa nyingi hupotea papa hapa: mteja huagiza milimita 1 kwa ukuta mzima, halafu mchoro huchapishwa kwa 1:50, ambako hakuna jicho linaloweza kuuona huo ufafanuzi uliolipiwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukubwa wa pikseli ukutani ni ukubwa wa pikseli ndani ya kamera, mara umbali hadi ukutani, gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 36 na pikseli 6,000 kwa upana ina pikseli ya milimita 0.006. Ikiwekewa lenzi ya milimita 24 na kusimamishwa mita 8 kutoka ukutani, kila pikseli hufunika milimita 2, na picha nzima hufunika upana wa mita 12. Kwa maneno mengine, kamera ya kawaida ya wapiga picha wa harusi inaweza kutoa mchoro wa 1:20 palipo na nafasi ya kusimama. Palipo na nafasi, basi. Katika Mji Mkongwe nafasi ndiyo inayokosekana.

Picha moja iliyonyooshwa

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kupiga picha moja na kuinyoosha kwa hesabu ili ukuta uonekane kana kwamba umetazamwa sawasawa kutoka mbele. Huhitajika nukta nne zinazojulikana vipimo vyake, zote zikiwa kwenye ubapa mmoja wa ukuta, na nukta mbili zaidi za kukagua. Kwa uso wa mita 15 kwa 12, kazi ya nje ni chini ya saa moja kwa watu wawili wenye kipimo cha leza au totali stesheni (kifaa kinachopima pembe na umbali kwa pamoja), na ya ofisini ni saa moja au mbili. Ukuta ukiwa bapa kweli, usahihi wake ni mzuri.

Kasoro yake ni kwamba kila kinachotokeza mbele ya ubapa husogea mahali pasipo pake. Chukua roshani inayotokeza sentimita 80. Kamera ikiwa mita 10 kutoka ukutani, na roshani ikiwa mita 5 kando ya mhimili wa picha, ukingo wake wa nje utaonekana kama umesogea sentimita 43 kwenye ukuta. Kosa hilo ni kubwa kuliko upana wa bao la dirisha. Jengo kama Zahanati ya Kale pale Mizingani, lililojaa roshani za mbao zilizochongwa, haliwezi kurekodiwa kwa njia hii hata kidogo. Nyumba za Kiarabu zenye ukuta wa chokaa ulio bapa na madirisha ya mstari mmoja, kama nyingi za Malindi na Kiponda, zinaifaa, ilimradi ukuta haujavimba na kichochoro kina upana. Masharti hayo mawili hukutana mara chache.

Upimaji wa picha pacha, ambamo mpimaji alitazama picha mbili kwa mashine maalumu na kufuatisha mistari akiwa anaona kina, ulikuwa ndiyo njia kuu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Ulitoa michoro mizuri sana, lakini ulitaka kamera maalumu, mashine ghali na mtu aliyefunzwa kwa miaka. Leo hakuna sababu ya kuanza mradi mpya kwa njia hiyo.

Picha nyingi zinazolaliana

Njia inayotawala sasa ni ya kupiga picha nyingi, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, na kuiachia programu itafute nukta zinazofanana, ikokotoe kila picha ilipigwa wapi, kisha ijenge umbo zima la ukuta kama wingu la nukta. Kutokana na wingu hilo hupatikana othofoto, yaani picha iliyosahihishwa kila mahali kwa kina chake, ambayo inaweza kupimwa kama ramani. Roshani hukaa mahali pake, na ukuta uliovimba huonyesha uvimbe wake.

Kwa uso wa mita 15 kwa 12 unaotazama uwazi, kama ule wa nyumba za Forodhani au Shangani, mpimaji akisimama mita 8 na kuacha picha zilaliane kwa asilimia 80, husogea mita 2.4 kila hatua. Mistari mitatu ya picha na picha za mshazari za kuingia ndani ya roshani hufikia jumla ya 60 hadi 100. Saa moja na nusu inatosha pamoja na kuweka alama za kudhibiti ukutani.

Katika kichochoro hesabu hugeuka. Upana wa Kajificheni au wa njia nyingi za Mkunazini ni mita 2 hadi 3. Mpimaji aliyeegemea ukuta wa pili anapata umbali wa mita 2.5, na picha yake hufunika upana wa mita 3.75 tu. Kulaliana kwa asilimia 80 kunamaanisha hatua ya sentimita 75, yaani picha 25 kwa kila mstari pamoja na zile za kupitiliza pembeni. Zikipigwa kutoka urefu wa aina tatu, na kila urefu ukawa na mwinamo wa aina tatu, jumla ni picha 225.

Urefu huo wa aina tatu hauepukiki. Mtu akisimama chini, kamera ikiwa usawa wa macho, na akauelekeza ukingo wa paa ulio mita 12 juu, mstari wa kutazama una urefu wa mita 10.7 na unaupiga ukuta kwa mshazari mkali sana. Upana wa pikseli pale juu ni milimita 2.7, lakini kwa wima pikseli ile ile hutandazika hadi milimita 11.4. Mchoro wa 1:50 umeshashindikana. Kamera hiyo hiyo ikiinuliwa juu ya mlingoti hadi mita 6, umbali hupungua kuwa mita 6.5, na pikseli kwa wima huwa milimita 4.2. Mlingoti wa alumini wa kukunjuka, wenye kichwa cha kushikia kamera na kuongozwa kwa simu, ni wa bei ndogo sana ukilinganishwa na kifaa kingine chochote kilichotajwa hapa, na katika vichochoro vya Unguja hakuna kinachorudisha thamani yake haraka zaidi. Mahali pa mlingoti panaweza kuchukuliwa na dirisha au dari ya nyumba ya mkabala, mwenye nyumba akiridhia. Dari ndiyo bora, kwa sababu huonyesha pia hali ya sehemu ya juu ya ukuta, ambako ndiko maji huingilia.

Kwa kazi ya kichochoroni basi itengwe nusu siku ya watu wawili kwa kila uso: saa moja ya kuweka alama na kuzipima, saa mbili hadi tatu za picha, na muda wa kupisha wapita njia, mikokoteni na vespa. Kompyuta ya mezani yenye kadi nzuri ya picha huzimaliza picha 225 kwa usiku mmoja.

Vipimo vya kudhibiti

Programu hujenga umbo sahihi lakini haijui ukubwa wake wala upande wa juu. Hayo hupewa na mpimaji. Kawaida ni kubandika alama sita hadi nane ukutani, zikitawanywa kona zote na katikati, kuzipima kwa totali stesheni, na kuacha mbili au tatu kando kwa ajili ya ukaguzi. Vipokezi vya satelaiti, hata vile vya usahihi wa sentimita, havifai katikati ya vichochoro kwa sababu anga inayoonekana ni mkanda mwembamba na ishara hugonga kuta kabla ya kufika.

Asiye na totali stesheni ana njia inayoaminika. Timazi ndefu huning'inizwa kutoka kwenye dari, uzi ukiwa na vifundo vyenye rangi kila baada ya mita moja, na ncha yake hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji ili isiyumbe na upepo. Timazi mbili, moja kila mwisho wa ukuta, hutoa wima na skeli kwa pamoja, na zikipigwa picha pamoja na ukuta huonyesha papo hapo ukuta umeinama kiasi gani. Umbali kati ya nyuzi hizo hupimwa kwa utepe, juu na chini. Fundi yeyote wa kuezeka anaweza kuzitundika kwa nusu saa.

Hatari moja inafaa kujulikana mapema. Mlolongo mrefu wa picha zilizopigwa zote zikitazama upande mmoja kutoka urefu mmoja hupinda polepole, hata ukuta ulionyooka utoke kama upinde. Kinga yake ni alama za kudhibiti katikati ya mlolongo na si mwisho tu, picha za mshazari, na kurudi nyuma kupiga mstari wa pili kwa urefu tofauti.

Chokaa mpya, jua na watu

Programu hutafuta mabaka, nyufa na madoa ili ilinganishe picha na picha. Ukuta wa zamani wenye ukungu mweusi na chokaa iliyobanduka huisaidia sana. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe wiki iliyopita humaliza picha zote bila programu kupata pa kushika, na wingu la nukta hutoka na matundu. Kwa hiyo wakati wa kurekodi ni kabla ya ukarabati, jambo ambalo hifadhi yenyewe inalidai pia. Ikiwa chokaa imeshapakwa, alama za karatasi zibandikwe kwa wingi au itumike skana ya leza.

Jua la saa sita hushuka kichochoroni kama mkanda mmoja mkali, na kamera haiwezi kuona vyema upande wa jua na wa kivuli kwa pamoja. Saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi mwanga ni laini, maduka hayajafunguliwa, na kanga na vinyago vya kuuza havijatundikwa juu ya milango ya mtaa wa Gizenga. Nyumba za Mizingani zinazotazama bahari hukaa kivulini sehemu kubwa ya asubuhi. Siku za mawingu za kusi ni neema. Lenzi isiwe ya kuvuta, fokasi isiguswe baada ya kuwekwa, na picha zihifadhiwe katika faili ghafi ili sehemu zenye kivuli ziweze kuokolewa ofisini.

Kazi ya mitaani katika mji unaokaliwa na watu haianzi kwa kamera. Barua kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, taarifa kwa sheha wa shehia, na hodi kwa kila mwenye nyumba huchukua muda ambao lazima uandikwe kwenye ratiba. Nyumba nyingi zipo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyingine ni za serikali au za ukoo wenye warithi wengi. Mlingoti unaopanda mita 6 hupita mbele ya madirisha ya vyumba vya watu. Ni haki yao kuelezwa saa ngapi utapita na picha zitafanyiwa nini, na ni adabu kufuta picha iliyonasa mtu ndani. Wazee wa barazani wakishaelewa kazi, wao ndio huwazuia watoto kugusa alama na kukumbuka ni mwaka gani roshani ilianguka, maelezo ambayo hayapatikani kwa leza.

Droni na skana

Droni hufuta tatizo la urefu na huona paa, nalo paa ndilo chanzo cha maradhi mengi ya ukuta. Katika uwazi wa Forodhani, Ngome Kongwe au bandarini inaweza kurekodi jengo kubwa kwa saa moja. Hata hivyo muda wake wa kweli ni wa vibali. Usajili na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pamoja na idhini za vyombo vya usalama, huweza kuchukua wiki kadhaa, na uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume uko kilomita chache tu kutoka mjini. Kati ya nyumba mbili zilizoachana mita 2.5, na nyaya za umeme zikikatiza kila upande, kuirusha ni kuhatarisha watu. Zanzibar ina uzoefu wake katika fani hii: mradi wa kupiga ramani ya visiwa kwa droni ulioanza mwaka 2016, ukihusisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, uliwafunza vijana wa hapa kurusha na kuchakata. Picha zile zilipigwa kutoka juu kwa ajili ya ramani, hivyo hazionyeshi nyuso za majengo, ila ustadi ni ule ule.

Skana ya leza ya kusimama chini hupima mamilioni ya nukta kwa dakika chache kila kituo, haijali chokaa nyeupe wala giza, na wingu lake huja likiwa na skeli tayari. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, kukodi nako kunamaanisha mara nyingi kuisafirisha kutoka bara au nje ya nchi pamoja na mwendeshaji. Na ikiwekwa kichochoroni hupambana na mshazari ule ule: miale inayoifikia sehemu ya juu hupita juujuu ya ukuta, na nyuma ya kila roshani hubaki kivuli kisicho na nukta. Rangi zake pia ni duni kuliko za kamera. Inafaa pale ambapo ndani na nje ya jengo hurekodiwa pamoja, au jengo liko katika hatari ya kuporomoka na kila saa ya kukaa karibu nalo ihesabiwe. Simu zenye kihisi cha leza hufika mita 5 hivi na hukosea kwa sentimita. Zinatosha kwa mchoro wa haraka wa chumba, si kwa uso wa ghorofa mbili.

Hesabu ya siku za kazi

Kipimo cha haki cha kulinganisha ni siku za kazi za mtu mmoja, kwa sababu mishahara hubadilika na vifaa hutumiwa tena. Kwa uso mmoja wa mfano, makadirio ya kupangia kazi ni haya. Ngazi, utepe na karatasi: watu wawili siku mbili hadi tatu, yaani siku nne hadi sita, bila jukwaa. Picha iliyonyooshwa: chini ya nusu siku, pamoja na siku moja ya kuchora. Picha nyingi: siku moja ya kazi nje, saa mbili au tatu za mtu mbele ya kompyuta, kisha siku moja hadi mbili za kuchora ukuta bapa kwa 1:50, au tatu hadi tano kwa wenye roshani na nakshi. Skana ya leza: robo au nusu siku nje, na uchoraji ule ule. Kwa hiyo njia tatu za mwisho hutofautiana kwa saa nje, wakati uchoraji huzimeza tofauti zote hizo.

Hesabu hiyo ikipelekwa kwenye majengo 1,700, kwa uso mmoja tu kila jengo na wastani wa siku tatu za kuchora, ni siku 5,100. Mchoraji mmoja anayefanya kazi siku 250 kwa mwaka angehitaji zaidi ya miaka 20. Upigaji picha wenye vipimo, kwa siku moja ya kazi kila uso, ni siku 1,700. Timu mbili za watu wawili, kila timu ikimaliza nyuso mbili kwa siku, zingekamilisha kwa siku 425, chini ya miaka miwili. Kuta hazitasubiri miaka 20. Kinachopendekezwa hapa ni kuzirekodi zote kwa picha zinazolaliana na vipimo vya kudhibiti, na mchoro ufanywe pale tu fundi anapokaribia kupanda jukwaa. Othofoto yenye skeli, ikichapishwa na kupewa fundi, mara nyingi hufanya kazi yote ya mchoro: mabaka ya kubomoa huzungushiwa kalamu nyekundu juu yake, na eneo la chokaa mpya hupimwa moja kwa moja.

Gharama hushuka zaidi kazi ikipangwa kwa mtaa mzima. Alama za kona moja hutumika kwa nyumba mbili, ruhusa ya sheha ni moja, na picha za pande mbili za kichochoro hupigwa asubuhi ile ile.

Kwa upande wa programu, pesa si kizuizi tena. MicMac ya Ufaransa, COLMAP, Meshroom na OpenDroneMap hazilipiwi. RealityCapture ilifanywa bure mwaka 2024 kwa wenye mapato ya chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Metashape ya Agisoft ina toleo la kawaida lililouzwa kwa muda mrefu dola 179 na la kitaalamu dola 3,499. Tofauti hiyo inaeleweka kwa anayejua kwamba toleo la kawaida halitoi othofoto wala kupokea nukta za kudhibiti, hivyo kwa kazi hii halifai. Programu za bure hudai muda mrefu zaidi wa kujifunza, na muda huo ni gharama ya mara moja ambayo ofisi ya hapa itafaidika nayo miaka mingi.

Jengo gani, njia gani

Ukuta bapa unaotazama uwanja au barabara pana, ukitakiwa kwa 1:50, urekodiwe kwa picha moja iliyonyooshwa. Nyumba zote za vichochoroni, na kila jengo lenye roshani, zirekodiwe kwa picha nyingi na mlingoti. Majumba makubwa ya pwani yapewe picha nyingi kutoka chini na droni kwa sehemu za juu, vibali vikiombwa miezi kabla. Mlango wa nakshi urekodiwe peke yake, kwa umbali wa mita 1 hadi 2 na picha 60 au zaidi. Kazi hiyo ni ya saa moja, na ifanywe mapema hata kama ukuta uko imara, maana mlango ndio sehemu ya nyumba inayoweza kung'olewa na kuuzwa.

Magofu ya nje ya mji ni mepesi zaidi. Nguzo za Maruhubi, kuta za Mtoni na msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, vina nafasi ya kuzunguka pande zote, na timu moja inaweza kumaliza gofu la wastani kwa siku moja pamoja na safari. Hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850 ni ubaguzi, kwa sababu mapambo yake ya chokaa yako ndani, mwanga ni hafifu, na stendi ya miguu mitatu inahitajika kwa kila picha.

Kabla ya kuondoka eneo la kazi, picha zote ziendeshwe kwenye kompyuta mpakato kwa ubora wa chini. Dakika 20 au 30 hutosha kuonyesha picha zisizoshikana, na kurudia kona moja asubuhi ile ile hugharimu kidogo kuliko kurudi baada ya masika na kuukuta ukuta umebadilika. Picha 225 ghafi za megabaiti 30 kila moja ni takriban gigabaiti 7 kwa uso mmoja, na majengo 1,700 ni kama terabaiti 12. Diski za kiasi hicho hununulika, lakini ziwe seti tatu zilizowekwa majengo tofauti, moja ikiwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na zikaguliwe kila mwaka kwa kuwa hewa ya chumvi haizipendi. Pamoja na kila folda liwekwe faili la maandishi lenye jina la mtaa, tarehe, kamera na lenzi, vipimo vya alama zote, na mchoro wa mkono unaoonyesha kila alama ilibandikwa wapi. Vipimo hivyo vikipotea, picha zote zilizobaki hazina skeli.